Kiwanda Kisamehewe, Mama Mboga Alipe?



Wewe uliyepanga chumba Majengo, iwe ya Nyeri, ya Nanyuki ama ya Meru, unalipa kodi ya ploti. Usiniambie hulipi ati kwa sababu huna ploti. Mwenye nyumba huilipa kaunti kisha anaihesabu ndani ya ile pesa unayomtumia kwa M-Pesa kila tarehe tano. Mama anayeuza viazi Karatina analipa ushuru wa soko. Jamaa wa matatu analipa steji. Kinyozi wako amebandika leseni ya biashara ukutani, na hiyo karatasi hakupewa bure. Katika hawa wote, kuna aliyewahi kuulizwa kama angependa kusamehewa?

Hilo swali liweke akilini, manake leo nataka tuongee kuhusu wale wanaosamehewa.

Kuna wazo linalozunguka dunia nzima na limefika Kenya kitambo: watengenezaji wa dawa, sindano, glavu, chanjo na vifaa vya hospitali waondolewe kodi ili wajenge viwanda karibu nasi. Wazo lina sura nzuri, na mimi mwenyewe silichukii moja kwa moja. Mwaka 2020 ulikuwa wapi? Mimi nakumbuka barakoa ya karatasi ikiuzwa bei ya chakula cha mchana, na manesi wakilia kwamba hawana vifaa vya kujikinga. Afrika inaagiza karibu chanjo zake zote kutoka nje, asilimia 99, na Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ifikapo 2040. Anayesema hatuhitaji viwanda vya dawa hajawahi kulala na mgonjwa hospitali ya serikali, akaandikiwa karatasi aende anunue nje.

Kwa hivyo tuelewane. Ugomvi wangu hauko kwa kiwanda. Nataka kujua nani anaamua nani asilipe, anaamulia wapi, na sisi tunajua lini.

Wacha nikupeleke mbali kidogo halafu turudi nyumbani. Tarehe 7 Novemba 2023, jimbo la Texas kule Marekani waliwawekea wapiga kura mapendekezo 14 ya kubadilisha katiba yao. La 10 lilikuwa hili hili tunaloongea: bunge la jimbo lipewe ruhusa ya kuondoa kodi ya mali kwenye mitambo na bidhaa za ghalani za kampuni zinazotengeneza vitu vya tiba. Texas hawana kodi ya mapato ya jimbo, kwa hivyo kodi ya mali ndiyo inabeba shule na huduma nyingi za mitaa. Ukimwondolea mmoja, pengo linaonekana darasani. Watu walijadili, wakapiga kura, likapita kwa asilimia 55 hivi. Waliojitokeza hata hawakufika mtu mmoja kati ya watano walioandikishwa, na hilo ni tatizo lao na tutalirudia.

Ningekuwa huko pengine ningepiga La. Lakini angalia kilichotokea: mtu wa kawaida, fundi wa magari, mama wa watoto wanne, alipewa karatasi yenye swali hilo na nafasi mbili za kuweka alama. Sisi hapa tunapewa nini?

Sheria ya Fedha ya 2023, ile ile iliyopandisha VAT ya petroli hadi asilimia 16, ndani yake kulikuwa na misamaha ya kodi kwenye baadhi ya malipo ya kampuni zinazotengeneza chanjo za binadamu. Uliskia? Mimi sikuskia. Tulikuwa tunapiga kelele za mafuta, na haki yetu, lakini hiyo sehemu ilipita kimya. Wakati huo Kenya ilikuwa imeahidiwa kiwanda kikubwa. Kampuni ya Moderna ilisema mwaka 2022 itawekeza hadi dola milioni 500 kujenga kiwanda cha chanjo hapa. Picha zilipigwa, hotuba zikatolewa. Aprili 2024 Moderna wakatangaza wamesitisha mpango, sababu yao ikiwa kwamba chanjo ya korona haitafutwi tena Afrika.

Soma hapo tena polepole. Hawakusema kodi ni kubwa. Walisema hakuna mnunuzi.

Hicho ndicho wanasiasa wetu hawapendi kukiangalia. Kiwanda cha sindano kinaishi kwa oda. Kinataka stima isiyokatika, maji, barabara ya lori, na hospitali zinazonunua na kulipa kwa wakati. Kodi ya ploti kwa kiwanda ni pesa kidogo kwenye hesabu yake. Ukimsamehe hiyo, umempa zawadi ndogo ambayo haimfanyi aje kama hakuwa anakuja, na kama alikuwa anakuja angekuja tu. Muulize mzee yeyote wa Nanyuki akueleze habari za Mountex, kile kiwanda cha nguo kilichokuwa kinalisha nusu ya mji. Nimekaa na wazee kadhaa wakiisimulia. Wanataja nguo za kutoka nje, wanataja usimamizi, wanataja siasa. Sijaskia hata mmoja akisema kiliuawa na kodi ya ploti.

Lakini kwa kaunti, hiyo pesa ndogo ya kiwanda ni pesa kubwa. Hapa nataka ukae na mimi, hata kama hesabu zinakuchosha.

Katiba, Kifungu cha 209, inaipa kaunti ruhusa ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine ikiwa bunge limeruhusu kwa sheria, pamoja na ada za huduma zake. Basi. Kodi ya mapato na VAT ni za serikali kuu. Pesa za kutibiwa hospitalini, tangu ile sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya, zinafaa kubaki hospitalini. Hilo ni jambo zuri, sipingi. Sasa niambie, taa ya barabara ya Majengo, takataka za Kiawara, mtaro wa Witemere unaofurika kila Aprili, vinalipwa na nini? Mgao wa Nairobi, ambao huchelewa mpaka wafanyakazi wanagoma. Ukiutoa huo, zinabaki za ploti, za soko, za leseni na za kuegesha magari. Ukitoboa debe upande wa ploti, maji yatajazwa kutoka wapi? Kutoka kwa mama wa viazi, manake yeye hana wakili na anapatikana kila asubuhi mahali pale pale.

Kuna jambo lingine ambalo watu wachache wanalitazama. Kule Texas walikuwa wanaongea kuhusu mashine na bidhaa. Kwetu Kenya kodi ya ploti, kwa desturi, huhesabiwa kwa thamani ya ardhi tupu, jengo na mashine haviingii. Maana yake ukimsamehe mwenye kiwanda kodi hiyo hapa kwetu, umemsamehe kushika ardhi. Sindano hujaigusa. Anaweza kuzungushia ekari ishirini seng'enge, akajenga ghala moja kwenye kona, akaandika langoni "Dawa", na ekari kumi na tisa zikakaa zikipanda bei bila kulipa senti. Wewe unayetafuta kaploti ka hamsini kwa mia utakuja kununua kutoka kwake. We fikiria hapo.

Utaniuliza kwa nini naleta hii maneno sasa. Kwa sababu Desemba 2024 Rais alitia saini Sheria ya Kitaifa ya kodi hizi za ardhi, iliyochukua nafasi ya zile sheria za zamani, Sura 266 na 267. Kaunti zinapaswa kupanga upya daftari za thamani za ploti na sheria zao ziende sambamba nayo. Na wakati huo huo, karibu kila kaunti inajenga eneo la viwanda, ule mpango ambapo serikali kuu inaweka milioni 250 na kaunti inaweka milioni 250. Kirinyaga wanaongea Sagana, kila mtu ana lake. Ukijenga eneo la viwanda unatafuta wapangaji, na ukitafuta wapangaji unaanza kuwaahidi vitu. Ahadi rahisi kuliko zote kwa mwanasiasa ni kodi, kwa sababu haitoki mfukoni mwake na hakuna anayeiona ikitoka.

Mwaka uliopita nilienda kikao cha kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha, mji mmoja wa huku mlimani, sitautaja. Kikao kiliwekwa Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Ijumaa! Yaani kijana Mwislamu wa mji huo achague kati ya khutba na kodi yake. Nilimwuliza karani, akanijibu kwa upole kabisa kwamba hakuna aliyelalamika. Nilibaki. Tulikuwa kama watu thelathini, nusu yao wazee waliokuja kwa sababu ya soda na nauli, na siwalaumu. Mswada wenyewe ulikuwa kitabu kizima kwa Kiingereza, nakala nne kwa ukumbi wote. Kwenye majedwali ya nyuma kulikuwa na mstari mmoja kuhusu kuwapunguzia kodi ya ardhi "wawekezaji wa kimkakati", wakiwemo wa bidhaa za afya. Nikainua mkono. Ni akina nani? Kwa miaka mingapi? Mtoto wa huku atapata kazi ngapi? Aliyekuwa mbele akasema swali ni zuri, litajibiwa kwa maandishi. Nimeacha barua pepe yangu na nambari ya simu. Nasubiri mpaka leo.

Na hapo ndipo hasira yangu inakaa, kwa sababu majibu hayo si hisani. Katiba, Kifungu cha 210, inasema hakuna kodi itakayotozwa wala kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria. Kisha inaendelea: sheria ikiruhusu msamaha, lazima kuwe na rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha na sababu yake viripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kila msamaha, mmoja mmoja. Rekodi ya umma maana yake mimi na wewe tunaweza kuiona. Umewahi kuiona ya kaunti yako? Imebandikwa wapi? Orodha ya wenye madeni ya ploti huwa inachapishwa gazetini, majina kamili, ukurasa mzima, mjane na marehemu pamoja. Ya waliosamehewa mbona haichapishwi?

Juni 2024 wengi wenu mlikuwa barabarani, Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu. Mlipigwa moshi wa machozi na Mswada wa Fedha ukarudishwa. Nilijivunia. Lakini tuwe wakweli na nafsi zetu: tulipigania kodi wanazotuongezea sisi. Zile wanazowaondolea wengine hatukuziangalia, na ni pesa ile ile. Hazina ya Kitaifa yenyewe huchapisha ripoti ya misamaha, na jumla yake ni mamia ya mabilioni kwa mwaka. Mkate walitaka kuuwekea VAT kwa sababu kuna mahali waliacha kukusanya.

Najua kuna mmoja hapo chini ataandika: "Lakini ndugu, misikiti yetu pia imesamehewa." Kweli kabisa, na nashukuru umelisema, kwa sababu ndipo hoja inapokaa vizuri. Sheria ya zamani, kifungu cha 27 cha Sura 266, iliacha nje ya kodi ardhi za ibada, makaburi, hospitali, shule, nyumba za hisani, maktaba, viwanja vya michezo. Kanisa na msikiti sawa sawa, hakuna aliyependelewa. Lakini iliweka sharti: ardhi isiwe inatumika kwa faida. Msikiti ukijenga maduka upande wa barabara ukapangisha, yale maduka si ibada, na kamati ikitumiwa bili isije ikaniita nikaandamane. Msamaha ulifuata matumizi, haukufuata jina lililoandikwa mlangoni. Hospitali inayotibu wagonjwa imo kwenye orodha. Kampuni inayotengeneza drip na kuiuza kwa faida ni biashara, hata kama drip inaokoa maisha. Mkulima wa Mukurwe-ini naye anaokoa maisha, analisha watu, na hakuna anayemwita mwekezaji wa kimkakati.

Halafu kuna lile la bei. Kila anayetetea misamaha hii anaongea kana kwamba dawa itashuka. Nani amesema? Msamaha wa kodi haumlazimishi mtu kupunguza hata shilingi moja pale duka la dawa. Mpaka iandikwe. Wewe kwa upande wako unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, na kama huna mshahara wa kazi ya kuajiriwa, hesabu yako haiendi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hakuna kikao kilichokaa kukuita wewe wa kimkakati. Na tusisahau tulipofika tulipoacha watu wakubwa wafanye biashara ya afya gizani: mwaka 2020, KEMSA, ununuzi wa bilioni 7.8 za korona ambao Mkaguzi Mkuu aliuchambua na nchi ikashika kichwa. Vifaa vilinunuliwa kwa bei za ajabu.

Kama kweli kaunti inataka kiwanda cha vifaa vya tiba, mimi niko tayari kukikaribisha, na nina masharti ya mtu anayelipa. Kiandikwe jina. Muda uwe miaka mitano, usiwe wa milele. Msamaha uguse sehemu ile tu ya ardhi ambayo mashine zinafanya kazi, seng'enge iliyobaki ilipiwe kama ploti ya mama yako. Hospitali za kaunti ziuziwe kwa bei iliyokubaliwa, na bei hiyo ichapishwe. Akihama ama akifunga kabla ya muda, arudishe alichosamehewa. Na kaunti nayo ifanye lake: inunue kutoka kwake na ilipe kwa wakati, maana hilo ndilo linaloweka kiwanda hai. Mwekezaji wa kweli hatakimbia masharti kama hayo. Anayekimbia alikuja kwa ardhi.

Na kura? Ndiyo, Kenya pia tunayo, sema tu haizungumzwi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 90, inaruhusu kura ya maoni ya mashinani kuhusu sheria za kaunti na maombi ya wananchi, na kuhusu maamuzi ya mipango na uwekezaji. Kizingiti ni kikali: sahihi za asilimia 25 ya wapiga kura walioandikishwa mahali kura itakapofanyika. Nyeri ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 480,000 mwaka 2022. Robo yake ni kama watu 120,000. Najua, ni wengi. Najua pia kuna mtu ameshacheka. Lakini hao 120,000 ndio wale wale wanaojazana Kamukunji na Ruring'u wakati wa kampeni kumsikiliza mtu anayewaahidi kiwanda.

Na kabla ya kufika huko kuna hatua ndogo ambazo hazihitaji mtu zaidi yako. Kwa sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 unaandika barua kwa kaunti: naomba rekodi ya misamaha yote ya kodi ya ardhi kwa mujibu wa Kifungu cha 210, pamoja na sababu. Wana siku 21 kukujibu. Huhitaji kueleza unaitakia nini. Wakinyamaza, Tume ya Haki za Utawala, ile ya kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, iko wazi kwa ajili yako na hailipishi. MCA wako naye ana simu, na akija mazishini ana masikio.

Sasa lile la Texas nililosema tutalirudia. Watu wanne kati ya watano waliachia wengine waamue. Usiwacheke. Wewe una miaka 22, kitambulisho kiko kwa droo, na bado hujajiandikisha kupiga kura. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako inaandikisha. Huwezi kuhesabiwa kwenye ile robo kama hauko kwenye daftari. Dada zetu nawaambia kwa heshima zaidi, kwa sababu vikao vingi nilivyokaa ninyi ndio mlisoma mswada na sisi ndio tuliongea.

Barua ya kuomba rekodi nimeshaiandika, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Zimeachwa wazi sehemu ya jina, wadi na kaunti. Ijumaa hii baada ya swala nitakuwa nje ya msikiti na nakala mia mbili, na wenzetu wa Nanyuki, Karatina na Embu watakuwa nazo pia. Mkristo jirani yako mletee moja, ploti yake inalipa kama yako. Beba kitambulisho na kalamu, kalamu zangu huwa hazirudi.